Jongoo bahari kwenye tangi la maji chumvi: namna ya kumfuga bila kupoteza samaki

Maswali yanayonifikia kuhusu jongoo bahari, yule mnyama laini mrefu anayetambaa chini baharini, yanafanana mno. Mtu ana tangi la maji chumvi sebuleni, mchanga umefanya utando wa kahawia, anaambiwa dukani kwamba jongoo atausafisha. Anamnunua na kumtumbukiza jioni hiyo hiyo. Asubuhi moja anaamka na kukuta samaki wote wanaelea. Kwa wengine mambo huenda polepole: jongoo anazidi kupungua mwezi baada ya mwezi, mpaka siku moja hayupo.

Je, ni salama kumfuga? Ndiyo, kwa masharti. Ngozi na viungo vya ndani vya majongoo wengi vina saponini, sumu inayoshambulia matamvua ya samaki. Baharini hiyo ni kinga yake dhidi ya wanaotaka kumla, na maji mengi huizimua mara moja. Ndani ya tangi la lita 200 sumu hiyo haina pa kwenda.

Jongoo mzima mwenye afya anatembea kati ya samaki wako miaka na miaka bila kuwadhuru. Anayechanwa na pampu, anayesumbuliwa au anayeoza nyuma ya jiwe ndiye anayeua. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja: asife ndani ya tangi bila wewe kujua.

## Andaa hivi kabla ya kununua

- Tangi la lita 200 au zaidi, lililokwisha kufanya kazi miezi 6 au zaidi
- Mchanga laini, kina cha sentimita 5 au zaidi, usio na changarawe zenye ncha
- Sponji ya matundu makubwa au wavu wa plastiki, pamoja na kamba za plastiki za kubana
- Vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH
- Refraktomita au hidromita ya kupimia chumvi
- Mkaa maalumu wa kuchujia maji (kaboni), pakiti nzima ambayo haijafunguliwa
- Chumvi ya bahari ya kutosha kubadilisha nusu ya maji, au madumu ya maji safi ya bahari
- Beseni au ndoo kubwa ya plastiki ambayo haijawahi kuguswa na sabuni
- Pampu ya hewa ya betri
- Mrija mwembamba wa hewa, mita 2 hivi
- Mwani mkavu au unga wa spirulina (kijimea kidogo cha majini)

Kaboni na maji ya akiba ndivyo watu huahirisha, kwa sababu vinakaa tu kabatini. Bila hivyo viwili usimlete jongoo nyumbani. Sumu ikiingia kwenye maji una saa chache tu, na saa hizo hazitoshi kwenda dukani, seuze ikiwa ni usiku.

## Hatua ya 1: Chagua aina inayokula mchanga

Majongoo wanakula kwa njia mbili. Kuna wanaomeza mchanga, wakafyonza uozo na vijimea vilivyoshika kwenye chembe zake, kisha wakautoa mchanga ukiwa safi. Wengine hukaa mahali pamoja, wakafungua mikono yao yenye matawi na kunasa chembe zinazoelea majini.

Wewe unamtaka wa kundi la kwanza. Holothuria edulis, mweusi mgongoni na wa waridi tumboni, ni chaguo zuri. Holothuria atra, yule mweusi anayejipaka mchanga mwili mzima na anayeonekana sana kwenye madimbwi ya pwani yetu maji yakipwa, anafaa pia akiwa mdogo. Holothuria hilla, mwenye miiba laini ya manjano, naye hustahimili tangi.

Usinunue jongoo wa duara mwenye rangi za zambarau, nyekundu na njano, wa jenasi Pseudocolochirus. Najua ndiye mzuri kuliko wote dukani. Anahitaji vijimea vya majini kila siku bila kukosa, karibu kila nyumba anakufa njaa, na sumu yake ni kali zaidi. Anapofika hatua ya kufa, anakwenda na tangi zima.

Waache pia Synapta, wale warefu wembamba wanaonata mkononi, kwa sababu wanakatika vipande kirahisi. Holothuria leucospilota, mweusi mrefu anayejificha chini ya mawe, ni mwepesi wa kutoa nyuzi nyeupe za kunata akishtuliwa, na samaki wadogo hunaswa humo. Jongoo mchanga, Holothuria scabra, anayefugwa Zanzibar na Madagaska, hana tabia mbaya, ila anakua mkubwa na anataka kujifukia. Tangi la nyumbani humshinda.

Utajua umechagua sawa: unaweza kutaja jina lake la kisayansi, na umejua anakula nini kabla ya kulipa.

## Hatua ya 2: Hakikisha tangi linaweza kumlisha

Wengi hupotea hapa. Wanadhani tangi chafu ndilo linalomfaa jongoo. Ukweli ni kwamba anahitaji mchanga uliokomaa, wenye uhai mdogo mdogo uliojengeka kwa miezi. Mchanga mpya uliooshwa jana hauna lishe yoyote, hata ukiwa na kina cha sentimita 20.

Eneo la mchanga lina uzito kuliko lita. Wafugaji wa jongoo mchanga wanajua kwamba uzito wa wanyama ukifika takriban gramu 200 hadi 300 kwa kila mita ya mraba, ukuaji husimama kwa sababu chakula kimekwisha. Sasa pima tangi lako. Sakafu ya sentimita 120 kwa 50 ni mita za mraba 0.6, na sehemu yake imekaliwa na mawe. Humo anatosha jongoo mmoja mdogo. Wawili watakonda wote.

Pima na maji. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, chumvi 1.025 kwenye hidromita, pH kati ya 8.1 na 8.4. Amonia na nitriti ziwe sifuri kabisa, nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita.

Kama uliwahi kutia dawa yenye shaba kutibu samaki kwenye tangi hilo, simama kwanza. Shaba inawaua wanyama wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo sana, na hung'ang'ania mawe na mchanga kwa muda mrefu. Badilisha mawe na mchanga, au tumia tangi jingine.

Angalia pia nani anaishi humo. Kikande atamdonoa, bunju atamng'ata, kaa mkubwa atamkata. Anemone, wale wanyama wanaofanana na maua, nazo zinachoma. Ukiwa na yeyote kati ya hao, chagua mmoja kati yake na jongoo.

Utajua tangi liko tayari: vipimo havibadiliki kwa wiki 3 mfululizo, na ukitazama mchanga kupitia kioo unaona vidudu na minyoo midogo ikitembea.

## Hatua ya 3: Funika kila mdomo unaovuta maji

Ukiruka hatua zote usiruke hii. Chanzo kikubwa cha vifo ni pampu. Jongoo hutembea usiku, hupanda vioo, na mwili wake laini hupenya matundu ambayo ungeapa hayamtoshi. Akivutwa na pampu ya mkondo (ile inayosukuma maji yazunguke ndani ya tangi) anasagika, na sumu inasambazwa tangi zima kwa kifaa kile kile kilichomuua.

Zima umeme wa tangi. Hesabu kila mahali maji yanapoingia: pampu za mkondo, pampu ya kurudisha maji, bomba la kichujio, meno ya sehemu ya kufurikia (mahali maji ya juu yanapomwagikia kwenda kwenye kichujio). Vyote hivyo vinahitaji kinga.

Kwa pampu ya mkondo, kata sponji ya matundu makubwa, izungushie sehemu yote yenye matundu, kisha ibane kwa kamba za plastiki. Usitumie waya, utashika kutu. Kwa sehemu ya kufurikia, funga wavu wa plastiki wenye matundu yasiyozidi milimita 5. Kadiri kinga inavyokuwa pana ndivyo mvuto unavyogawanyika na kuwa dhaifu, kwa hiyo sponji ndogo iliyobanwa sana ni hatari karibu sawa na kutokuwa na sponji.

Hita nayo iwekewe kizimba cha plastiki. Jongoo akijilaza juu yake wakati imezimwa, haondoki upesi inapowaka, na ngozi inaungua.

Sponji huziba. Itoe kila wiki na uisuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini wakati wa kubadilisha maji. Ikiziba pampu inapata moto na mzunguko unapungua. Ndiyo sababu wengi hukata tamaa na kuivua, na mara nyingi wiki hiyo hiyo ndiyo ajali inapotokea.

Utajua kinga inatosha: washa pampu, kisha gusisha kipande cha mwani laini kwenye sponji. Ukikisukuma kwa kidole kiteleze na kuondoka. Kikibaki kimeganda, mvuto bado ni mkali. Ongeza upana wa sponji.

## Hatua ya 4: Mkague dukani, na ujue ametoka wapi

Muulize muuzaji jongoo amekaa kwake muda gani. Chini ya wiki 2, mwombe akuwekee kwanza. Safari ndefu humchosha, na wengi hufa siku za mwanzo. Jongoo akishtuka hutapika matumbo yake; afadhali afanye hivyo kwenye tangi la duka kuliko kwako.

Mtazame ngozi: isiwe na mabaka meupe, wala ute unaoning'inia, wala sehemu iliyolegea kama inayeyuka. Akiguswa ajikunje na kuwa mgumu. Vijiguu vyake vishike kioo. Ukikuta vipande vya mchanga uliosokotwa nyuma yake, anakula.

Kwa walioko pwani ya Kenya na Tanzania, najua kishawishi kipo cha kwenda kumwokota maji yakipwa. Usifanye hivyo kabla ya kuuliza ofisi ya uvuvi. Majongoo wetu wamevunwa kupita kiasi kwa ajili ya soko la Asia, na Tanzania Bara ilifikia kufunga uvuvi wa jongoo wa porini katika miaka ya 2000. Ndani ya hifadhi kama Mafia, Watamu na Kisite-Mpunguti kuna maeneo ambayo hairuhusiwi kuchukua kiumbe chochote.

Kuvuka mipaka kuna sheria nyingine. Holothuria fuscogilva, Holothuria nobilis na Holothuria whitmaei zimo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2020, na jenasi nzima ya Thelenota iliingia 2024. Hao husafirishwa kwa kibali tu. Msomaji wa Muscat au Dubai anayefikiria kubeba jongoo kwenye begi kutoka likizo nyumbani, aache.

## Hatua ya 5: Mzoeshe maji polepole

Jongoo hana namna ya kurekebisha chumvi ya mwili wake kama samaki. Maji ya mwilini mwake hufuata yale yaliyomzunguka. Tofauti ya ghafla humshtua, na mshtuko ndio unaomfanya atapike matumbo.

1. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, joto lilingane.
2. Mimina jongoo na maji yake kwenye ndoo safi. Asitoke majini hata kidogo, kwa sababu anapumua kwa kuvuta maji kupitia njia ya haja, na hewa ikiingia humo inamdhuru.
3. Funga fundo legevu kwenye mrija wa hewa, vuta maji kutoka tangini, yadondoke matone 2 hadi 4 kwa sekunde.
4. Ngoja mpaka maji ya ndoo yawe mara tatu ya yalivyoanza. Huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili. Usiharakishe.
5. Pima chumvi ya ndoo na ya tangi. Zikilingana, zima taa za tangi.
6. Zamisha chombo kidogo ndani ya ndoo, mwongoze jongoo aingie, kisha mpeleke hadi juu ya mchanga akiwa ndani ya maji. Usimwinue kwa wavu, unakwaruza ngozi. Ukilazimika kumshika, mikono iwe imesuuzwa kwa maji ya tangi tu.

Ukimaliza osha mikono kwa sabuni, na usiguse macho kabla ya hapo. Ute wake unawasha.

Utajua amepokea vizuri: ndani ya saa 24 amejinyoosha na amesogea kutoka ulipomweka. Akibaki amejikunja siku nzima, pima amonia.

## Hatua ya 6: Wiki 2 za kwanza, mtafute kila siku

Kila asubuhi na kila usiku jua alipo. Asipoonekana, tafuta kwa tochi nyuma ya mawe, ndani ya sehemu ya kufurikia na kwenye chumba cha kichujio. Wanaojifukia mchangani wanaweza kupotea siku moja bila tatizo. Siku 3 bila dalili yoyote, inua mawe taratibu.

Ishara ya kutia moyo kuliko zote ni kinyesi: vipande vya mchanga vilivyoshikana, visafi, vinavyosambaratika ukivigusa. Ukiviona kila siku, jongoo anafanya kazi.

Umeme ukikatika, washa pampu ya hewa ya betri mara moja, hata kama unaamini utarudi baada ya dakika 10. Bila mzunguko oksijeni hupungua kwanza chini kwenye mchanga, naye ndiye aliye chini.

Wanaochota maji ya bahari wenyewe wawe waangalifu wakati wa masika. Mito ikijaa, maji ya ufukweni hupungua chumvi na hubeba uchafu wa mashamba na mitaro. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto na bandari, pima chumvi, na usitie chochote siku chache baada ya mvua kubwa.

## Hatua ya 7: Mlishe kabla hajakonda

Jongoo akikosa chakula hasinyai uso wala halii. Anapungua ukubwa wote kwa pamoja, polepole, hata mwenye nyumba asitambue. Macho ya kila siku hayaoni badiliko hilo, kwa hiyo piga picha. Mara moja kwa mwezi, akiwa amejinyoosha karibu na kioo, weka rula nje na umpige picha. Linganisha na za nyuma. Urefu wa siku moja si kipimo, kwa sababu anajinyoosha na kujikunja. Tazama mwelekeo wa miezi 3.

Mchanga ukishakuwa mweupe kabisa, chakula chake kimekwisha. Saga mwani mkavu uwe unga, uloweke kwenye maji ya tangi dakika 15, kisha zima pampu za mkondo na umwagie unga huo juu ya mchanga kwa mrija karibu na anapopita. Kijiko kimoja cha chai mara 2 kwa wiki kinatosha kuanzia. Fanya usiku taa zikiwa zimezimwa, samaki wasiwahi. Baada ya nusu saa washa pampu. Wa Zanzibar wana bahati, mwani wa kukausha upo. Chagua usiotiwa dawa, uoshe chumvi na mchanga kwanza.

Nitrati ikipanda baada ya kuanza kulisha, punguza dozi. Picha zikionyesha anaendelea kupungua ingawa unamlisha, tangi limemshinda. Mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa akiwa bado na nguvu. Akikaa kwako ataoza humo humo na samaki.

## Hatua ya 8: Ikitokea dharura

Jifunze kutofautisha mambo mawili. Nyuzi nyeupe za kunata pekee ni silaha ya kujihami: zinanasa samaki, lakini mara nyingi tangi hupona ukizitoa haraka. Matumbo yaliyotoka nje, ngozi inayoyeyuka au vipande kwenye pampu ni dharura kamili. Hapo samaki hupanda juu kuvuta hewa, wakalala ubavu, na kufa kunaweza kuanza ndani ya saa moja.

Fuata mpangilio huu, usiubadilishe:

1. Toa samaki kwanza. Waweke kwenye beseni lenye maji mapya ya chumvi yenye joto sawa, pamoja na pampu ya hewa. Usipoteze muda kumsaka jongoo kabla yao.
2. Zima pampu iliyomnasa. Zinazobaki ziache zizunguke.
3. Toa jongoo na kila kipande chake kwa chombo, bila kumkamua. Nyonya nyuzi na matumbo kwa mpira wa maji.
4. Badilisha nusu ya maji.
5. Tia kaboni mpya, kiasi cha mililita 250 kwa kila lita 100, ndani ya mfuko wa wavu mahali maji yanapopita kwa nguvu. Isuuze vumbi kwanza.
6. Kichujio cha povu (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) kikianza kufurika, kiache kifurike na ukimwagie nje. Kinatoa sumu.
7. Baada ya saa 24 badilisha tena robo ya maji, na uweke kaboni nyingine.
8. Pima amonia kila siku kwa wiki nzima. Rudisha samaki mmoja kwanza, asiye na thamani kubwa kwako lakini mwenye afya, umwangalie siku nzima kabla ya kurudisha wengine.

Jongoo mwenyewe usimtupe haraka kama ngozi yake ni nzima na bado anajikunja ukimgusa. Majongoo wengi wanaotapika matumbo huyaotesha upya ndani ya wiki chache. Mweke peke yake kwenye chombo chenye mchanga kidogo, hewa na maji safi unayobadilisha kila siku, bila chakula. Ukiona vipande vya mchanga uliosokotwa nyuma yake, utumbo umerudi. Anza kumpa mwani kidogo. Mwache hapo mwezi mzima zaidi, na kabla hujamrudisha rudia jaribio la sponji kwenye kila pampu.